Dada yangu Marekani amekubaliwa SNAP lakini barua mtandaoni haionekani. Nitafute wapi?

#1 Mwana_wa_Kondele (Kisumu)
Wadau, habari za jioni. Dada yangu yuko Marekani mwaka wa pili sasa. Walienda kwa ile green card ya bahati nasibu, yeye, mumewe na watoto wawili. Waliomba SNAP, msaada wa chakula wa serikali ya huko, wakakubaliwa, kadi ikaja, na ameshaitumia dukani mara kadhaa.

Sasa shida ni barua. Kampuni ya simu inataka uthibitisho kwamba yuko kwenye SNAP ndipo apunguziwe bili kupitia mpango unaoitwa Lifeline. Barua iliyokuja kwa posta anasema huenda aliitupa pamoja na karatasi za matangazo, maana huko sanduku la posta hujaa takataka kila siku. Akanipigia: "Wewe si ndiye mtu wa kompyuta? Nitafutie mtandaoni."

Nina kasaiba ka intaneti hapa Kondele. KRA naijua nje ndani, eCitizen usiniambie. Lakini hii imenitoa jasho. Nimeingia tovuti ya USDA, wizara yao ya kilimo, nimesoma kurasa mpaka macho yakauma, mahali pa mtu kuingia na kuona barua yake sijapaona. Inakaa wapi?

Jimbo silitaji, kuna shemeji zangu humu.

#2 Section58 (Nakuru)
Kwani Marekani pia watu wanaomba chakula? Na sisi huku tumekaa tukingoja watutumie.

#3 Jarudi (Maseno)
Omera, unatafuta samaki sokoni kwa mboga. USDA ndiyo inatoa pesa na kanuni, lakini maombi, mahojiano, uamuzi na barua ni kazi ya jimbo. Kila jimbo lina tovuti yake na jina lake. Nimeishi Boston miaka sita kabla ya kurudi nyumbani. Kule Massachusetts ni DTA Connect. Texas wana Your Texas Benefits. Pennsylvania ni COMPASS, Illinois ni ABE, Michigan ni MI Bridges, California ni BenefitsCal. Ukikosea jimbo umekosea kila kitu. Hakuna tovuti moja ya nchi nzima ambako mtu anaandika jina lake na barua inatokea.

Ukishaingia kwenye ya jimbo, tafuta sehemu ya barua au notisi, si sehemu ya nyaraka ulizopakia mwenyewe. Hizo mbili watu huzichanganya sana. Moja ni yale uliyowapa wewe, nyingine ni yale waliyokuandikia wao.

#4 Mama_Kibuye (Kisumu)
@Section58 usicheke. Binti yangu alienda huko, kodi ya nyumba peke yake inameza mshahara wa wiki mbili. Dola zinaonekana nyingi zikifika kwa M-Pesa yako. Kwake zinaisha kabla ya mwezi.

#5 Section58 (Nakuru)
Sijacheka, nimeshangaa tu. Pole mama.

#6 Mwana_wa_Kondele (Kisumu)
Asante @Jarudi. Nimepata tovuti ya jimbo. Dada amenisomea jina lake la kuingilia kwa simu, tumeingia. Kuna salio, kuna historia ya matumizi, ameona hadi siku aliyonunua mchele. Barua hakuna.

#7 Nyar_Ahero (Ahero)
Umeona salio na matumizi? Basi hapo hujaingia tovuti ya jimbo, uko kwenye tovuti ya kadi. Kadi ya EBT, ndiyo hiyo ya SNAP, husimamiwa na kampuni iliyopewa kandarasi, na tovuti yao inaonyesha pesa zilizoingia na zilizotoka, basi. Ni kama kutafuta barua ya kuajiriwa kwenye taarifa ya M-Pesa. Mshahara utauona, barua hutaiona. Hata zile apu za watu binafsi za kuangalia salio ziko hivyohivyo.

#8 Kijana_wa_Bondeni (Nakuru)
Kwani si apige picha kadi yenyewe awatumie hao wa simu? Kadi ni ushahidi tosha.

#9 Jarudi (Maseno)
Haitoshi @Kijana_wa_Bondeni. Lifeline wanataka karatasi yenye jina la mtu, jina la mpango, ofisi iliyotoa, na tarehe iliyo ndani ya miezi 12 iliyopita, au tarehe ya kuisha ambayo bado haijafika. Kadi haitoi hayo yote. Na punguzo lenyewe si la kumtoa mtu roho, kawaida ni dola 9.25 kwa mwezi.

#10 Mwana_wa_Kondele (Kisumu)
Nyar Ahero umeniaibisha hadharani lakini ni kweli. Ilikuwa ya kadi. 😂 Sasa nimepata ya jimbo yenyewe. Akaunti inafunguka, inasema "huna kesi". Huna kesi vipi na watu wanakula?

#11 Shemeji_wa_Mbali (mzaliwa wa Luanda, niko Texas)
Hapo ndipo wengi wetu hukwama. Kufungua akaunti ni jambo moja, kuiunganisha na kesi, yaani faili la maombi yao, ni jingine. Kama waliomba kwa karatasi, au ofisini, au kwa simu, akaunti iliyofunguliwa baadaye ni tupu. Ni ganda. Lazima aingize nambari ya kesi na tarehe ya kuzaliwa, au chochote jimbo lake litakachouliza, ndipo vitu vijitokeze.

Huku kwetu barua yenyewe imeandikwa "Notice of Case Action", na pembeni ina namba ya fomu TF0001. Nilipokuwa mgeni nilitafuta neno "approval" siku nzima na lilikuwa halimo kwenye kichwa cha barua. California huiita "Notice of Action". Kwa hiyo msitafute neno la kukubaliwa. Tafuteni neno la uamuzi.

#12 Omwana_wa_Mumias
Nyongeza kwa @Shemeji: hata neno SNAP laweza lisiwepo. California mpango unaitwa CalFresh, Wisconsin ni FoodShare, Vermont ni 3SquaresVT, jimbo la Washington ni Basic Food. Mtu anatafuta SNAP kwenye orodha, kumbe anapita barua yake kila mara kama mtu anayepita nyumba ya mjomba kwa sababu imepakwa rangi mpya.

#13 Mwalimu_Mstaafu (Kakamega)
Hamjambo. Kwa faida ya vijana: mpango huu ni wa zamani. Ulianza kwa stempu mwaka 1939 mjini Rochester, New York. Mtu alinunua stempu za rangi ya chungwa akaongezewa za buluu za bure, na za buluu zilinunua vyakula ambavyo wakulima walikuwa navyo kwa wingi kupita soko. Ukasimama wakati wa vita. Sheria ya kudumu ilitiwa saini na Rais Johnson mwaka 1964. Jina likabadilishwa kutoka food stamps kuwa SNAP mwaka 2008. Ndiyo maana Wakenya waliokaa huko zamani bado husema "stempu", ingawa leo ni kadi.

#14 Section58 (Nakuru)
Mwalimu, mtihani ni lini?

#15 Mwalimu_Mstaafu (Kakamega)
Wewe ungeanguka. Na wewe uliyeshangaa kwamba Wamarekani wanaomba chakula, muulize mzazi wako kuhusu mahindi ya manjano ya msaada, wakati wa njaa ya mwaka 1984. Tulipanga foleni na magunia mkononi. Ugali wake ulikuwa na harufu, watoto walilia hawataki, na tuliula.

#16 Mama_Kibuye (Kisumu)
Weee mwalimu! Umenikumbusha. Mama yangu alichanganya na unga wa mtama ili tusione rangi. Tuliiona.

#17 Mkulima_Njoro
Turudi kwa dada. Mimi sijui ya Marekani lakini naijua ya ujumbe kupotea. Mbolea ya ruzuku, ile ya 2,500 kwa gunia, unajisajili kisha vocha inakuja kwa simu kama ujumbe. Msimu fulani majirani wote wamepata, mimi kimya. Nililalamika kila mahali, nikasema wameniruka. Kumbe nilijisajili na laini iliyopotea nikiwa kwenye matatu, na ujumbe ulikuwa ukienda kwa laini isiyo na mtu. Kosa langu mwenyewe. Dada hajabadilisha nambari au barua pepe tangu aombe? Huenda taarifa ilitumwa, ikaenda pa zamani.

#18 Mwana_wa_Kondele (Kisumu)
@Mkulima_Njoro alibadilisha nambari, ndiyo. Hiyo sikuifikiria. Na walihama nyumba mara moja. @Shemeji, nambari ya kesi iko kwenye barua, na barua ndiyo tunayoitafuta. Tunazunguka kama ng'ombe wa kupura.

#19 Nyar_Ahero (Ahero)
Nambari ya kesi iko pia kwenye barua nyingine yoyote waliyowahi kumtumia, hata ile ya kumpangia mahojiano ya simu. Na kuna swali ambalo hamjamuuliza: aliyeomba ni nani? Yeye au mumewe? Kesi ina mtu mmoja ambaye ni kichwa cha nyumba, na barua huandikwa kwa jina lake. Kama shemeji yako ndiye aliyejaza fomu, dada akifungua akaunti yake mwenyewe ataona patupu mpaka jogoo aote meno.

#20 Kijana_wa_Bondeni (Nakuru)
Na majina! Sisi Wakenya tuna majina matatu, pasipoti inayapanga hivi, viza vile, ofisi ya huko inachukua la mwisho inaliita la ukoo. Binamu yangu huko ana karatasi zenye jina la babu pekee. Mfumo haumjui.

#21 Jarudi (Maseno)
Mimi naona mnaenda mbali. Sababu ya kawaida ni ndogo tu: kwa majimbo mengi mtu huchagua mwenyewe kama anataka barua kwa posta au kwa mtandao. Asipochagua, ni posta. Hajachagua mtandao, barua ikaja kwa posta, akaitupa. Mwisho.

#22 Shemeji_wa_Mbali (mzaliwa wa Luanda, niko Texas)
Si mwisho @Jarudi. Mimi sikuwahi kuchagua mtandao, na barua zangu naziona huko zikiwa zimepangwa kwa tarehe, na za karatasi zinakuja pia. Inategemea jimbo. Boston yako si Amerika yote.

#23 Jarudi (Maseno)
Sawa, nimekubali nusu.

#24 Fundi_wa_Oile (Kisumu)
Nyinyi nyote mnasahau kitu kimoja. Kondele amesema anaingia KUTOKA KISUMU. Tovuti nyingi za serikali za majimbo hazipendi mtu anayeingia kutoka nje ya nchi. Nyingine hazifunguki kabisa, nyingine zinafunguka nusu, ukurasa unakuja bila baadhi ya vitu. Anayeona mtu Kenya akijaribu kuingia akaunti ya mtu wa Marekani, atafikiri nini? Mwizi. Na tangu kadi zianze kunakiliwa kwa mashine zinazobandikwa dukani, pesa za watu zikafyonzwa, wako macho. Mwache huyo dada afungue mwenyewe kwa simu yake, wewe muelekeze kwa video ya WhatsApp.

Na usije ukawasha VPN ujifanye uko huko. Utaongeza tatizo juu ya tatizo.

#25 Mama_Kibuye (Kisumu)
Na mtu gani anampa ndugu yake paswadi ya chakula cha watoto? Hata awe wa tumbo moja. Na ati aifungue kwa kompyuta ya saiba!

#26 Mwana_wa_Kondele (Kisumu)
Mama, saiba ni yangu.

#27 Mama_Kibuye (Kisumu)
Ndiyo nimesema.

#28 Nyar_Ahero (Ahero)
😂😂 Mama amemaliza. Lakini kuna njia halali: SNAP inaruhusu mtu kumteua mwakilishi kwa maandishi, akamfanyia mambo ya ofisi. Kawaida ni mtu aliye karibu, anayeweza hata kwenda dukani na kadi. Ndugu wa Kondele atakwendaje dukani?

#29 Section58 (Nakuru)
Na mimi naomba kuteuliwa. Niko tayari kwenda dukani.

#30 Omwana_wa_Mumias
Kuna kitu kinanisumbua katika maelezo ya #1. Mwaka wa pili kwa green card ya bahati nasibu? Nilivyosikia, mtu mzima mwenye green card hungoja miaka mitano ndipo aingie SNAP. Una uhakika wamekubaliwa? Isije ikawa kadi ni ya mpango mwingine, mkatafuta barua isiyokuwepo.

#31 Shemeji_wa_Mbali (mzaliwa wa Luanda, niko Texas)
Miaka mitano ni ya mtu mzima, na ina visamaha vyake. Mtoto chini ya miaka 18 mwenye green card hangoji. Kwa hiyo nyumba ya watu wanne inaweza kupewa ya watu wawili, yaani wale watoto, huku mapato ya wazazi yakiangaliwa bado. Muulize kiasi anachopata. Kwa mwaka wa fedha ulioisha Septemba 2025 kiwango cha juu cha watu wawili kilikuwa dola 536 kwa mwezi, cha wanne 975. Utajua mwenyewe ni kesi ya nani.

#32 Mwana_wa_Kondele (Kisumu)
Kiasi sitaji hapa, ila kiko chini ya 536. Na sasa nimeelewa kwa nini dada alikuwa akilalamika ati "wametuhesabu vibaya".

@Nyar_Ahero nimemuuliza nani aliyejaza fomu. Kimya kidogo, halafu: "Tulijaza pamoja." Nikamuuliza kwa simu ya nani. "Ya Baba Junior." Baba Junior, ndiye mumewe, yuko kazini, zamu ya jioni.

#33 Nyar_Ahero (Ahero)
Nilisema.

#34 Fundi_wa_Oile (Kisumu)
Bado hujathibitisha. Inaweza kuwa ya mume NA pia kuna kizuizi cha nchi. Mambo mawili huweza kugongana.

#35 Kijana_wa_Bondeni (Nakuru)
Swali la kijinga: barua yenyewe si ni PDF? Kivinjari cha simu nyingi huzuia madirisha yanayojifungua yenyewe. Unabonyeza, hakuna kinachotokea, unasema hakuna barua. Nilipoteza fomu ya HELB hivyo mara tatu, baadaye nikazikuta zote tatu kwenye folda ya vilivyopakuliwa.

#36 Mzee_wa_Bunyala
Mimi ninasoma tu hapa. Huku kwetu barua ya kukubaliwa ni chifu. Pesa za wazee, Inua Jamii, 2,000 kwa mwezi, jina lako linasomwa barazani, watu wanasema ndiyo huyu tunamjua, ni mzee kweli. Hakuna PDF. Ukifika miaka 65 unajiandikisha.

#37 Mwalimu_Mstaafu (Kakamega)
Ni 70, mzee. Hiyo 65 ilikuwa ya mpango wa awali, kwa wazee maskini tu. Tangu 2018 ikawa 70 na kuendelea.

#38 Mzee_wa_Bunyala
Asante mwalimu. Basi nina miaka minne ya kusubiri, niendelee kuvua samaki.

#39 Shemeji_wa_Mbali (mzaliwa wa Luanda, niko Texas)
@Mwana_wa_Kondele, hata barua ile ya kwanza isipopatikana, si mwisho wa dunia. Apige simu ofisini kwake aombe barua ya kuthibitisha msaada, ambayo ni tofauti na ile ya uamuzi. Inasema tu huyu mtu anapokea, tangu lini hadi lini. Lifeline wanaikubali. Majimbo mengine hata yanairuhusu kuchapishwa moja kwa moja kwenye akaunti. Lakini apige yeye. Wewe ukipiga kutoka huko, saa zao za kazi kama ni majimbo ya katikati zinaanza kwako saa kumi au kumi na moja jioni, na nambari fupi kama 2-1-1 ya huku haipatikani kutoka Safaricom.

Na aitafute ya kwanza hata hivyo. Ina tarehe ya mwisho wa kipindi. Wakipita bila kuomba upya kadi inakauka. Pia ina haki ya kukata rufaa ndani ya siku 90, kama kweli anaona wamemhesabu vibaya.

#40 Jarudi (Maseno)
Hiyo ya barua ya kuthibitisha ndiyo ningesema toka mwanzo.

#41 Section58 (Nakuru)
Lakini hukusema.

#42 Mwana_wa_Kondele (Kisumu)
Taarifa fupi, hapa ni saa nane usiku. Baba Junior alipata mapumziko ya chakula, akafungua kwa simu yake, dada akaniwekea kwenye video. Barua ziko TATU. Moja ni ya kupangiwa mahojiano. Ya pili inadai hati za malipo ya kazi. Ya tatu haifunguki, inazunguka tu. Tarehe yake ni siku mbili kabla kadi ifike.

Sasa sijui ni PDF ya @Kijana_wa_Bondeni, ama ni mtandao wa huko kazini kwake, ama si hiyo kabisa. Mapumziko yameisha, ameweka simu mfukoni.

#43 Nyar_Ahero (Ahero)
Ni hiyo. Siku mbili kabla ya kadi, itakuwa nini kingine?

#44 Omwana_wa_Mumias
Inaweza kuwa maelekezo ya kadi na namba ya siri.

#45 Fundi_wa_Oile (Kisumu)
Ajaribu kwa kompyuta ya maktaba, maktaba za huko zina printa. Na atoke kwenye akaunti akimaliza!

#46 Mwana_wa_Kondele (Kisumu)
Nimemwambia, ataenda Jumamosi. Asanteni wote, nalala.

#47 Mama_Kibuye (Kisumu)
Kabla hujalala mwanangu, SHA, hii bima ya afya, unasajili kwa pesa ngapi hapo kwako?

#48 Mwana_wa_Kondele (Kisumu)
Mama, hiyo ni bure, hata kwa simu yako, *147#. Ukija nitakubonyezea.

#49 Mama_Kibuye (Kisumu)
Nitabonyeza mwenyewe. Paswadi sikupi.